Goli Lililodhaniwa Mwano

Kwetu mwanamke hapandishi sauti yake hovyo. Ataipandisha harusini kwa vigelegele, ataipandisha msibani, na ataipandisha akiona wezi wamefungua zizi, na huo wa wezi ndio tunaouita mwano. Ukimsikia amepaza sauti na si mojawapo ya hayo, lazima uulize amepatwa na nini. Ndivyo watu walivyoniuliza mwaka ule mjukuu wangu aliporudi likizo kutoka chuo kikuu, maana kila jioni alikuwa anapaza sauti, na hapakuwa na harusi, wala msiba, wala mwizi.

Alikuwa anasomea uandishi wa habari za michezo. Leo nayasema maneno hayo kwa mpigo, lakini wakati ule yalinishinda. Jirani yangu, mwanamke tuliyeolewa naye msimu mmoja, alinikamata mashineni tukisubiri kusaga.

"Huyo mtoto anasomea nini hasa?"

"Anasomea kusema mpira," nikamjibu.

"Kusema tu?"

"Kusema tu."

"Hee! Mbona mimi nasema kila siku na hakuna chuo kilichoniita?"

Wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka nao. Mimi nilifika darasa la pili, mengine nikayaokota kwenye kisomo cha watu wazima, tukichora herufi mchangani kwa vijiti. Kinachonisaidia katika kuandika haya ni kwamba sisahau jina la mtu. Wote waliokuwa kwenye foleni ile siku ile nawajua kwa majina yao, ya baba zao na ya babu zao. Lakini humu sitawataja. Baadhi wamekwisha kwenda, na kwetu jina la mtu aliyekwenda haliitwi bila kazi, asije akageuka akidhani anahitajiwa. Walio hai nao wana masikio. Nitasema jirani, nitasema mzee, na wenyewe watajijua.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Sisi huku Bariadi tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Zamani pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na redio nayo ilikuwa moja, ile ya serikali. Mara vyote vikawa vingi kwa pamoja. Wanunuzi wa pamba walikuja kila mmoja na mizani yake na fulana zake za kugawa. Redio zikazaliwa mijini kama uyoga, na vijana wakawa wanapanda juu ya paa kufunga waya ili wazipate za Mwanza. Mtu akisema jambo, anaambiwa, "Sasa ni ruksa." Hata watoto waliokataa kuchunga walisema ni ruksa.

Mwanangu, baba yake huyu binti, alikuwa mtu wa mpira wa redioni. Tangu ujana wake alikuwa akifunga redio kwenye baiskeli kwa mpira wa ndani ya tairi, anakwenda nayo shambani. Alipokuwa analima palijulikana kwa sauti ya mtangazaji. Huyo binti alikuwa mdogo, anakaa juu ya gunia na kusikiliza naye, na jioni wakirudi ananisimulia mechi nzima, nani kampa nani, nani kaanguka, refa kafanya nini. Sikuelewa hata kidogo. Nilikuwa napenda tu kuona jinsi macho yake yalivyotazama kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo mtu angedhani baba yake ndiye angefurahi wa kwanza. Wapi!

Jioni ya kwanza ya likizo ile tulikuwa watatu tu nyumbani, maana mkamwana wangu alikuwa Kiloleli kwao akimwuguza mama yake. Mwanangu alikula, akanawa, kisha akaanza kusema nami hali binti yake amekaa pale pale, hatua moja kutoka kwake. Akikasirika ndivyo afanyavyo. Humpitishia mtu maneno kwangu kama mimi ni posta.

"Mayu," akaniambia, ndivyo tunavyomwita mama, "mwambie mjukuu wako. Nilipompeleka chuo kikuu sikumpeleka aende akaseme 'anampa mwenzake, anampa mwenzake.' Hata kasuku anaweza."

"Kasuku haoni, baba," binti akasema.

"Nazungumza na mayu."

"Nami najibu kupitia kwa Bibi. Bibi, mwambie kasuku haoni."

Nilitaka kucheka, nikainama kwenye bakuli la nsansa, yale majani ya kunde tunayoyakausha, nikajifanya napekua mawe.

Mwanangu akaendelea. "Nimesikiliza mpira tangu sijaoa. Sijasikia mwanamke akiutangaza hata siku moja. Leo mnataka nimsindikize mtoto kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna nyumba? Chuo kikifunguliwa, aende kwa wakubwa wake abadilishe, aandikwe ualimu. Mwalimu anahitajika kila mahali. Asipobadilisha, asirudi huko. Abaki hapa tulime."

Akasimama akatoka. Binti akabaki anatazama sufuria. Baadaye akaniambia, "Bibi, kubadilisha sibadilishi." Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayetaja kimo chake. Mimi nikaona hapo kwamba wote wawili wamefunga mlango, na likizo ile ikiisha mmoja wao atakuwa ameumia.

Basi tukaishi hivyo. Asubuhi anakwenda kung'oa miti ya pamba na baba yake, ichomwe kabla msimu haujaanza, na hawasemezani ila "lete jembe" na "shika hapa." Mchana akawa ananisaidia jikoni. Jioni anakwenda kuchukua ng'ombe, na kuko huko ndiko alikokuwa anafanyia mazoezi. Mwalimu wake wa chuo alikuwa amewaagiza kila mmoja arudi na kaseti yenye mechi ya kwao, imetangazwa tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuja na redio kaseti ya kukopeshwa, nyeusi, ina mkanda wa kuning'iniza begani, na betri zake alikuwa anazianika juani kila asubuhi kama michembe ya viazi ili zisiishe nguvu.

Alikuwa anatangaza chochote. Siku moja nasonga ugali, nasikia nyuma yangu:

"Bibi anaingia na mwiko kutoka upande wa kulia! Anaukandamiza, ugali unakataa, Bibi anazunguka, anaukandamiza tena, ugali unarudi nyuma, hatari, hatari!"

"Nani anaongoza?" nikamwuliza.

"Ugali, Bibi."

"Basi kamlete refa, maana nikifungwa mimi wote mnalala njaa."

Tulicheka mpaka machozi, na nikamwona baba yake kupitia mlangoni amesimama uani na kamba ya ng'ombe mkononi. Uso wake haukucheka. Ila hakuondoka mpaka ugali ulipoiva.

Lililomtesa zaidi lilikuwa goli. Alinieleza kwamba mwalimu wake alimwambia anatangaza vizuri, ila akifika kwenye goli anaishiwa pumzi, sauti inakatika kama kamba mbovu. Goli linatakiwa lianze chini, lipande, likae huko juu mpaka waliolala waamke. Kwa hiyo alikuwa anapanda kilima cha mawe kilicho nyuma ya malisho, ng'ombe zikiwa chini zinakula, anajaza kifua, anaachia. Nyumbani tulikuwa tunamsikia kwa mbali, tukazoea. Majirani wa karibu nao wakazoea. Kitongoji cha ng'ambo hawakuzoea, kwa sababu upepo wa kiangazi kwetu jioni huvuma kuelekea huku kwetu, kwao haufiki na sauti.

Siku moja upepo ukageuka.

Hapa inabidi niwaeleze mwano wageni wasioujua. Wizi wa ng'ombe ulipoizidi nguvu nchi hii, watu walijiundia sungusungu, na sheria yake ni fupi. Ukiusikia mwano, unaupokea kwa sauti yako, unaupeleka mbele, kisha unakimbilia ulikotoka ukiwa na silaha yako. Huulizi kwanza. Ukianza kuuliza, ng'ombe wameshavuka mto. Mtu mzima mwanaume aliyebaki nyumbani mwano ukilia ana kesi, na aliyeupiga mwano wa uongo naye ana kesi kubwa zaidi, kwa sababu mwano wa uongo ukizoeleka, siku ya kweli hakuna atakayetoka.

Mimi nilikuwa napepeta mtama. Kilima sikukisikia kabisa jioni ile. Nilichosikia kilitoka upande mwingine, kitongoji cha ng'ambo, sauti ya mwanamke, kisha mwingine, kisha filimbi. Jirani yangu akaupokea nyumbani kwake. Nami nikatupa ungo, nikaupokea, nifanye nini? Ndiyo sheria. Kufumba na kufumbua, mbuga nzima ilikuwa inalia, na wanaume wanamiminika na pinde, marungu, mapanga, mmoja na mti wa mwavuli. Wote wanaelekea kilimani. Nikakumbuka ng'ombe zetu ziko huko na nani. Nikakaa chini pale pale kwenye mtama.

Yaliyotokea kilimani nilisimuliwa na wengi, na wote wanakubaliana. Wa kwanza kufika alimkuta binti amesimama juu ya jiwe, redio kaseti begani, anasema peke yake kwa kasi. Yeye naye alikuwa ameusikia mwano, akauamini kama sisi sote. Akaona watu wanakimbia kutoka kila upande, na badala ya kujificha, akaanza kutangaza.

"Zimekwenda wapi?" mtu yule akamwuliza, anahema.

"Nini?"

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe zipi?"

Wakatazama chini. Ng'ombe zetu zilikuwa zimelala, zinacheua, zinawashangaa.

"Nani kapiga mwano hapa?"

"Si hapa, mimi nimeusikia unatoka huko kwenu," akasema. Kisha, nadhani, hesabu ikamjia kichwani. Waliofika karibu walisema alishika mdomo kwa mikono miwili na redio ikamning'inia kama mtoto.

Asubuhi yake tukaitwa. Baraza la sungusungu wakati huo lilikaa kwenye uwanja wa ghala la pamba, mahali pa wazi, watu wamekaa juu ya mawe na magunia matupu. Aliyeongoza, mtemi wao, alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ndogo sana. Watu walikuwa wananyamaza ili wamsikie, na nadhani ndiyo sababu walimchagua. Mwanangu alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Binti aliitwa katikati akapiga magoti, akaamkia, "Mwangaluka, guku," kwa heshima yote ya mjukuu kwa babu.

"Mwangaluka. Wewe ndiye uliyepiga mwano?"

"Sikupiga mwano, guku. Nilifunga goli."

Kicheko kikapita uwanjani kama upepo kwenye mtama. Mtemi hakucheka.

"Uwanja ulikuwa wapi?"

"Haukuwepo, guku."

"Na mpira?"

"Haukuwepo."

"Uwanja hakuna, mpira hakuna, lakini goli limeingia. Na vitongoji vitatu vimekimbia." Akageukia wazee wenzake. "Wezi wa siku hizi wameendelea. Wanaiba kitu ambacho hakikuwepo."

Binti akaeleza masomo yake, kaseti, mwalimu wake, pumzi. Alieleza kwa adabu, lakini niliona watu wanatazamana. Mzee mmoja aliuliza kama serikali inajua kuna chuo cha namna hiyo. Mwingine akasema sasa ni ruksa, kila mtu asomee anachotaka, ila asomee mbali na masikio yake. Na hapo fundi baiskeli wetu, mtu mtundu, akadakia kutoka pembeni.

"Mtemi, kabla hamjahukumu. Nilipofika pale juu nilimkuta anatusema sisi, mmoja mmoja. Mimi nataka kusikia nilivyokimbia."

"Tangaza!" wengine wakaitikia. "Atangaze!"

Mtemi akafikiri. Akasema, "Haya. Wewe ulikuwa juu, ulituona wote. Sema ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

Binti akainuka. Kisha akafumba macho, na alipoyafumbua alikuwa ameshaondoka pale, yuko juu ya jiwe lake. Mimi nilikuwa nimeisikia sauti ile jikoni tu, ikipigana na ugali. Sikuwahi kuisikia ikiwa na watu.

"Wanaingia kutoka mashariki! Anaongoza fundi baiskeli, rungu mkono wa kulia, kiatu kimoja kimebaki shambani, hajali, anasonga mbele! Nyuma yake mwenye mashine ya kusaga, mweupe kwa unga kama mtu aliyefufuka! Sasa mzee wa kanisa, shuka limemponyoka, analirudia, analiacha, hapana, analirudia tena! Kaka zangu wawili wa kitongoji cha ng'ambo wanagongana mabega, mmoja yuko chini, anainuka, anachechemea, yumo bado mchezoni!"

Yeye alitaja majina yao, kila mmoja na jina la baba yake, na kila aliyetajwa alikuwa anapigwa mgongoni na wenzake. Watu walilia kwa kucheka. Mzee wa kanisa alifunika uso kwa lile shuka lenyewe. Hata mtemi niliona mabega yake yanatikisika. Binti alikuwa amechukuliwa kabisa, mkono mmoja unafuata watu hewani.

"Huku kushoto, kwenye ua wa minyaa, kuna mmoja. Ana panga. Hakimbii! Anatazama kilimani, wenzake wanampita kulia na kushoto, yeye amesimama, amesimama tu, ni baba..."

Mkono ukabaki hewani.

Kicheko kilichukua muda kufa, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakuwa wamesikia. Kisha wakaambizana, kikafa.

"Malizia," mtemi akasema kwa ile sauti yake ndogo.

"Ni baba yangu, guku."

Mnajua sasa uzito wake. Goli la uongo ni utoto, watu wangelimaliza kwa kicheko na karipio. Lakini mwanaume mwenye panga mkononi, mwano unalia, anawaacha wenzake wampite, hiyo ndiyo kesi ambayo sungusungu iliundwa kwa ajili yake. Na aliyemshitaki ni mtoto wake wa kumzaa, mbele ya watu wote, bila kuulizwa jina. Nilimtazama binti. Alikuwa anamtafuta baba yake kwa macho na hathubutu kumwona.

Mwanangu akasogea mbele. Watu wakampisha.

"Ulisimama?" mtemi akamwuliza.

"Nilisimama."

"Hukuusikia mwano?"

"Niliusikia. Lakini kabla ya mwano nilisikia kilichouzaa. Nilikuwa karibu na kilima, nakata minyaa. Ile haikuwa mwano. Lilikuwa goli."

"Ulijuaje?"

Mwanangu akazungusha kofia mkononi. "Mwano unaanzia juu, unashuka. Goli lake linaanzia chini, linapanda. Majuzi lilikuwa linakatika katikati. Juzi halikukatika, ila mwisho wake lilikuwa kavu. Jana lilipanda likakaa. Nililisikia lote."

Mzee mmoja akasema taratibu, "Kumbe unamsikiliza."

"Ni mwanangu," akajibu. "Nisimsikilize nani?"

"Sasa kama ulijua," mtemi akasema, "kwa nini hukupiga kelele kuturudisha? Tumekimbia wazee, mwingine mguu wake hadi leo umevimba."

"Mwano ukishapokelewa haurudishwi na mtu mmoja, mtemi, unajua. Lakini si hilo tu. Niliona aibu. Ningewaambia nini? Kwamba mwanangu wa chuo kikuu anatangaza mpira ambao haupo? Nikaona bora nisimame, mpite."

Wazee wakajitenga wakanong'ona. Waliporudi, mtemi alisema mwenye kosa la kusimama atoe mbuzi, aliwe pale pale, maana sheria ikichekewa leo, kesho haina meno. Kwa binti akasema hivi: kuna mnunuzi wa pamba aliyetoa dume la ng'ombe lishindaniwe kwa mpira kati yetu na kitongoji cha ng'ambo. Siku hiyo binti asimame mbele ya watu wote atangaze, ili masikio ya watu yajifunze goli ni lipi na mwano ni upi. "Na kabla ya siku hiyo," akasema, "ukitaka kufunga, funga kimoyomoyo."

Mbuzi aliliwa. Mwanangu alikula nyama ya faini yake pamoja nao, wakamtania, akajibu utani. Lakini nyumbani hakusema neno na binti yake, hata "lete jembe" ilikoma. Nilimfuata zizini.

"Umemkasirikia?"

"Sijui, mayu."

"Alisahau kwamba ni wewe. Alikuwa amechukuliwa na kazi."

"Hakusahau. Alinitaja mimi kama alivyomtaja fundi baiskeli." Akafunga lango la zizi, akalijaribu, akalifunga tena. "Hilo ndilo ninalolifikiri."

Binti naye hakulala vizuri siku zile. Aliniuliza kama angetakiwa kuruka, apite kwenye ua wa minyaa kana kwamba hapakuwa na mtu. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ningeruka. Mimi majina ya watu nimeyabeba maisha yangu yote kwa kuyafunika. Yeye anasomea kuyafunua, tena kwa sauti. Sikujua nimshauri nini, na nadhani hata leo sijui. Alisema, "Mtemi aliniambia nisipunguze, Bibi." Nikasema ndiyo, nilimsikia.

Mechi ya dume ilichezwa kwenye uwanja wa shule. Walimpandisha juu ya mzani mkubwa wa pamba uliokuwa umefungwa kwenye mbao, wakampa kipaza sauti cha yule mnunuzi wa pamba, chenye mdomo kama wa ua la boga, na redio kaseti akaiweka miguuni. Watu kwanza walikuja kumtazama yeye. Kisha kidogo kidogo nikaona shingo zinageuka kuelekea mpirani, wakimsikiliza bila kumwangalia, na hapo nikaelewa kwamba amefaulu. Goli lilipoingia, lilipanda likakaa. Mzee mmoja karibu nami alishanyanyua fimbo na mguu mmoja kabla hajakumbuka. Mwanangu alikuwa ng'ambo ya uwanja, amesimama na baiskeli yake. Aliondoka mechi ilipoisha, akatutangulia nyumbani.

Ikafika asubuhi ya kuondoka. Basi la Mwanza lilikuwa linapita mapema. Begi liko mlangoni, na hakuna aliyesema anakwenda kubadilisha au haendi kubadilisha. Nilichemsha uji, nikaweka vikombe vitatu, nikakaa katikati yao nikijua nitakuwa posta tena.

Mwanangu hakunipitishia. Akamtazama binti yake usoni.

"Siku ile ulisema nimesimama."

"Ndiyo, baba."

"Ni kweli, nilisimama. Lakini hukusema kwa nini."

"Sikujua kwa nini."

"Ulirudi nyumbani jioni ile. Nilikuwa hapa. Ukala hapa. Hukuniuliza."

Binti akaweka kikombe chini. "Sikujua kama nitakuja kulisema mbele ya watu."

"Lakini ulikuwa umeliona." Alisema bila hasira, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwa vidole. "Mtemi ndiye aliyeniuliza. Mtu wa nje. Asingeniuliza, watu wangeondoka pale na nusu ya habari, na nusu hiyo ingenizika. Huko chuoni hawawafundishi kuuliza?"

"Wanafundisha, baba."

"Sasa?"

"Sikulishika."

Mwanangu akanywa uji wake mpaka mwisho. Akasimama, akalichukua begi, akalipima uzito mkononi, akaenda kulifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi. Alipomaliza akasema, mgongo wake ukiwa kwetu:

"Basi rudi ukalisome hilo. Lilelile. Usibadilishe kitu."

Binti alinitazama mimi, kana kwamba nimpitishie jibu. Sikupitisha. Nilimsukuma kwa kiwiko. Akatoka nje akashika begi kwa nyuma lisiyumbe, na wakaondoka hivyo, baba anasukuma baiskeli, mtoto anafuata. Walipofika kwenye njia kubwa nilimsikia binti anamwuliza jambo, na mwanangu akasimama ili amjibu.